Fundi wa Mizani wa Nuwara Eliya

Aliyewahi kukaa karibu na shamba la chai, iwe Kericho, Mufindi au Usambara, anajua kwamba siku ya mchumaji huamuliwa na mizani. Anateremka mlima na mzigo mgongoni, anapanga foleni, kikapu kinatundikwa, mshale unachezacheza, karani anasoma kilo. Kidogo kinakatwa kwa sababu ya maji ya mvua yaliyoshika kwenye majani, kidogo tena kwa sababu ya uzito wa kikapu, na mchumaji anaondoka bila la kusema. Najiuliza mara nyingi: mtu aliyekulia penye mizani ya namna hiyo, kisha akaingia bungeni, angekuwa mbunge wa aina gani?

Mmoja alikuwepo. Aliitwa Savumiamoorthy Thondaman, na milima yake ilikuwa ya Nuwara Eliya, katikati ya Sri Lanka, mji ulioketi karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, penye ukungu wa asubuhi na baridi inayomshangaza mgeni aliyetoka kwenye joto la Colombo. Si kwamba alikuwa msemaji wa kutikisa ukumbi. Wala hakuwahi kuongoza chama chenye wabunge wengi. Nguvu yake kwenye mizani ya siasa ilikuwa jiwe moja dogo, na kwa miaka hamsini na ushei alijifunza ni lini aliweke, ni lini aliondoe, na ni lini alishike tu mkononi ili kila mtu alione.

Kwanza milima yenyewe. Wazungu walianza na kahawa. Mwaka 1869 ugonjwa wa kutu ya majani ulionekana, na katika miaka iliyofuata ukaifyeka karibu kahawa yote. Chai ikachukua nafasi. Chai inataka mikono mingi, kila siku, mwaka mzima, nayo mikono hiyo ililetwa kutoka nchi ya Watamili, kusini mwa India. Waliletwa na kangani, mtu ambaye kwetu tungemwita nyapara, ila huyu alikuwa na zaidi ya unyapara: ndiye aliyewaandikisha kijijini kwao, akawakopesha nauli, akawasimamia shambani, na deni likabaki mikononi mwake. Walikaa kwenye safu za vyumba vya futi 10 kwa 12, ukoo mzima chumba kimoja, na watoto wakazaliwa humo, na wajukuu.

Baba yake Thondaman, Karuppiah, alipita njia hiyohiyo. Alikuja kama kibarua, akawa kangani, na mwisho akafanya jambo ambalo wachache mno waliliweza: akanunua shamba la chai, Wavendon, kule Ramboda. Mwanawe alizaliwa India tarehe 30 Agosti 1913 na kuletwa Ceylon, kama nchi ilivyoitwa wakati huo, akiwa na umri wa miaka kumi na mmoja hivi. Kwa hiyo kiongozi mkubwa kuliko wote wa vibarua wa chai alikuwa mtoto wa mwenye shamba. Wapinzani wake hawakuchoka kumkumbusha. Mimi naona ndipo ufundi wake ulipoanzia. Mizani aliijua kutoka pande zote mbili: alijua mchumaji anaumia wapi, na alijua pia ni saa ngapi mwenye shamba huanza kutokwa jasho.

Mwaka 1947 Ceylon ilifanya uchaguzi wa kuelekea uhuru. Viti vya kuchaguliwa vilikuwa 95. Chama cha Ceylon Indian Congress, ambacho Thondaman alikuwa amekiongoza, kilipata saba, na chake kilikuwa cha Nuwara Eliya. Viti saba si vingi. Lakini katika majimbo mengine ya milimani kura za vibarua ziliwainua wagombea wa mrengo wa kushoto, na waliokuwa wakiunda serikali walizihesabu kura hizo kwa wasiwasi. Jiwe lilikuwa limeonekana, na dawa yao ikawa kuliondoa kabisa.

Sheria ya Uraia ya 1948 haikutaja Watamili wa mashambani hata kwa neno moja. Ilidai tu kwamba aliyezaliwa Ceylon aonyeshe kuwa baba yake naye alizaliwa humo, au kama si baba, basi babu na baba wa babu. Tafuta cheti cha kuzaliwa cha babu wa kibarua aliyevushwa bahari na kangani! Watu wapatao 700,000 wakajikuta hawana nchi. Mwaka uliofuata sheria nyingine ikawanyang'anya kura. Ilipofika 1952, hakuna hata mmoja wao aliyechaguliwa bungeni. Thondaman na wenzake walifanya satyagraha mjini Colombo, wakaketi na kufunga kwa njia ya Gandhi. Serikali ikawatazama tu.

Kuhusu kipindi hiki nisimpambe. Alikosea, na kosa lilikuwa zito. Serikali ilitunga sheria nyingine tena, mwaka 1949, iliyoruhusu wenye asili ya India na Pakistan kuomba uraia kwa masharti magumu. Chama kikawaambia watu wasusie. Dirisha lilipokaribia kufungwa, mwezi Agosti 1951, kikageuka na kuwahimiza waombe, na maombi zaidi ya 200,000, mengi yakiwa ya familia nzima, yakamiminika kwa haraka. Maofisa walikuwa na nafasi ya kutosha kuyakataa kwa jina lililoandikwa vibaya au tarehe isiyolingana, na mengi yakakataliwa. Nadhani hapo ndipo alipojifunza somo lililomwongoza maisha yake yote: mlango ukiachwa wazi hata kwa upana wa kidole, tia mguu kwanza, ugomvi uje baadaye.

Sasa fikiria mbunge asiye na bunge, mwenye wapiga kura wasio na kura. Wengi wangerudi kwenye shamba la baba. Thondaman alirudi kwenye hesabu. Watu wake walikuwa wamebakiwa na nini? Mikono. Na mikono hiyo ilikuwa ikiingiza zaidi ya nusu ya fedha za kigeni za nchi nzima. Chama kilibadilishwa jina kikaitwa Ceylon Workers' Congress, CWC, kwa maana ya wafanyakazi badala ya Wahindi, na kikajengwa shamba kwa shamba. Kila shamba lilikuwa na thalaivar, yaani kiongozi wa tawi, kibarua kama wenzake, ambaye ndiye aliyepokea malalamiko ya paa linalovuja na kilo zilizopunjwa. Michango ya wanachama, senti kwa senti, ikakilisha chama. Alama yao ilikuwa jogoo. (Msomaji wa Kenya atatabasamu, maana anamjua jogoo mwingine, ila huyu wa milima ya Ceylon aliwika miaka mingi bila kura hata moja.)

Kazi hiyo haina picha nzuri. Ni barua, vikao, kesi za kufukuzwa kazini, safari za usiku kwenye barabara za kona. Lakini ndiyo iliyomfanya kila waziri mkuu aliyefuata agundue kwamba kama anataka chai iteremke Colombo bila kelele, kuna mtu mmoja wa kuzungumza naye. Katiba ya wakati huo ilikuwa na viti sita vya wabunge wa kuteuliwa. Mwaka 1960 serikali ya Sirimavo Bandaranaike ikampa kimoja. Mwaka 1965, serikali ya wapinzani wake, chini ya Dudley Senanayake, ikampa tena. Aliyenyimwa mlango wa mbele aliingia kwa wa uani, mara mbili, kwa wenye nyumba wawili waliochukiana.

Katikati ya tarehe hizo mbili likatokea pigo kubwa kuliko yote. Tarehe 30 Oktoba 1964, mjini New Delhi, Bi Bandaranaike na waziri mkuu wa India, Lal Bahadur Shastri, walitia saini mkataba wa kugawana watu. Hesabu ilikuwa watu 975,000. India ichukue 525,000, Ceylon iwape uraia 300,000, na 150,000 waliobaki watajadiliwa siku nyingine. Mwaka 1974 hao nao wakagawanywa nusu kwa nusu. Wenyewe hawakuulizwa wanataka kwenda wapi. Ni kama karani wa mizani alikuwa amehamia ikulu: huku saba, huku wanne, tia sahihi.

Mkataba wa mataifa mawili mbunge wa kuteuliwa hauvunji. Alichokifanya Thondaman, na hapa nakuomba msomaji unisubiri kidogo kwa sababu jambo lenyewe ni la karatasi, ni kwenda kwenye sheria ya utekelezaji. Swali lilikuwa hili: kwa kila watu saba wa India, wanne wapewe uraia wa Ceylon, lakini hao saba wahesabiwe lini? Wakishapewa tu uraia wa India, au wakishapanda meli na kuondoka? Tofauti inaonekana ndogo. Kwa mtu anayesubiri, ni tofauti ya miaka. Sheria iliyopitishwa 1967, chini ya serikali aliyoiunga mkono, ilihesabu uraia uliotolewa. Bi Bandaranaike aliporudi madarakani, mwaka 1971 kipimo kikabadilishwa, wakahesabiwa walioondoka kweli. Msikilizaji wa mkutano wa hadhara hawezi kushangilia kifungu cha namna hiyo, na mwandishi wa habari ataona usingizi. Lakini ndani ya kifungu hicho kulikuwa na mama fulani aliyejua kama mwanawe atapata kitambulisho kabla ya kuoa. Ubunge wa kweli, kwa maoni yangu, hufanyika kwenye vifungu vya aina hiyo, na Mzee Thondaman alivisoma kama fundi saa anavyosoma meno ya gurudumu.

Miaka ya 1970 ilikuwa ya njaa mashambani. Mgao wa chakula ulipunguzwa, mashamba yakataifishwa, na watu wa milimani wakaumia kuliko wengine kwa sababu hawakuwa na hata kipande cha ardhi cha kupanda muhogo. Wakati huohuo Watamili wa kaskazini, waliokuwa na uraia na ardhi yao tangu enzi, walikuwa wakijikusanya. Thondaman aliungana nao mwaka 1972, akawa mmoja wa marais watatu wa muungano wao. Mwaka 1976, kule Vaddukoddai, muungano ukaazimia kudai nchi yao wenyewe. Hapo akasimama kando. Alitazama ramani tu. Milima ya chai iko katikati ya kisiwa, imezungukwa na vijiji vya Wasinhala, walio wengi nchini, pande zote. Nchi mpya ya kaskazini na mashariki isingeigusa Nuwara Eliya, ila hasira ya waliobaki ingeifikia asubuhi ya kwanza. Hakuwatukana wala kuwasaliti. Aliwaachia njia yao, akabaki kwenye yake.

Kisha ukaja uchaguzi wa Julai 1977. Watu wake wa kutosha walikuwa wamekwisha kupata uraia, kidogo kidogo, na jimbo la Nuwara Eliya–Maskeliya lilikuwa la wabunge watatu. Wa kwanza alikuwa Gamini Dissanayake wa chama cha UNP kilichoshinda nchi nzima. Wa pili, Anura Bandaranaike, mtoto wa yuleyule Bi Bandaranaike wa mkataba wa 1964. Wa tatu, Thondaman kwa jogoo wake. Miaka thelathini baada ya 1947, mlima ukamrudisha bungeni kwa kura, akakaa bega kwa bega na kijana wa mama aliyewagawa watu wake kwa hesabu. Sijui kama kuna jimbo lingine duniani lililowahi kupeleka watatu wa namna hiyo kwa siku moja.

Mwaka 1978 akakubali uwaziri katika serikali ya Rais J. R. Jayewardene, wizara ya maendeleo ya viwanda vijijini. Kelele zilikuwa nyingi, na baadhi zilikuwa na haki. Ghasia dhidi ya Watamili zilikuwa zimewafikia watu wa milimani 1977, zikawafikia tena 1981, na Julai 1983 zikawa maangamizi. Aliendelea kukaa kwenye baraza lilelile la mawaziri. Hapa mashabiki wake hukohoa na kutazama pembeni, nami sina namna ya kupapamba. Waliokaa naye upande wake husema angetoka, asingebaki hata mtu wa kupigiwa simu kambi ikichomwa. Waliompinga husema simu hiyo ilikuwa bei ndogo ya kuipa serikali sura ya Kitamili. Nimesoma hoja zote mbili na bado sijalala vizuri na yoyote.

Lakini tazama alichokifanya akiwa ndani. Mwaka 1984, waziri wa serikali, aliongoza wafanyakazi wa mashamba kugoma dhidi ya serikali hiyohiyo, ambayo kwa wakati ule ndiyo iliyokuwa mwenye mashamba. Mgomo ulileta nyongeza, na zaidi ya nyongeza ulileta jambo ambalo lingepaswa kuwa la kawaida zamani: mwanamke kulipwa ujira wa siku sawa na mwanamume. Wachumaji wa chai wengi ni wanawake. Kwa zaidi ya miaka mia moja walikuwa wakichuma majani mawili na kichipukizi kwa vidole vilevile, kwenye mteremko uleule, kwa ujira mdogo kuliko waume zao. Baba wa ukoo, mhafidhina, mwenye shamba, akawa ndiye aliyeifuta tofauti hiyo.

Mgomo huo ulifungua njia ya kazi yake iliyo safi kuliko zote. Kufikia 1986 walikuwa wamebaki watu 94,000, pamoja na watoto wao, ambao hawakuwa wa India wala wa Sri Lanka. Vita vya waasi wa Kitamili waliodai nchi yao vilikuwa vinawaka kaskazini. Mgomo mwingine ungeonekana kama mkono wa waasi, na jeshi lilikuwa tayari. Basi Thondaman hakuitisha mgomo. Aliitisha sala. Kuanzia Pongal, sikukuu ya mavuno ya Watamili inayoangukia katikati ya Januari, wafanyakazi wote wa mashamba wangesali kila asubuhi hadi saa sita mchana, waombe amani na haki, ndipo waende kazini.

Ukitaka kuona uzuri wa jambo hili lazima uijue chai. Kichipukizi hakisubiri. Kila kichaka hurudiwa kila baada ya siku saba au zaidi kidogo. Ukichelewa, jani linakomaa, linakuwa gumu, na kiwandani halifai kitu. Jani lililochumwa linatakiwa lifike kiwandani lianze kunyaushwa siku ileile. Ukiondoa asubuhi, umeondoa nusu ya mavuno na umeharibu nusu iliyobaki, na hakuna aliyevunja kikombe. Na serikali ingesema nini? Ingewakataza watu kumwomba Mungu amani, wakati wa vita, katika nchi inayojivunia dini? Ingempeleka polisi hekaluni? Waziri mmoja wa baraza la mawaziri alikuwa amewaambia raia, na wasio raia, wasali. Hakuna kifungu cha sheria ya kazi kinachoadhibu dua.

Jiwe dogo liliwekwa taratibu, mahali pake, saa yake. Rais alikuwa na sababu zake nyingine: India ilikuwa ikimbana, na hakuna aliyetaka milima iwake kama kaskazini. Lakini sababu hizo zilikuwepo miaka mingi bila kuzaa kitu. Makubaliano yakafikiwa, na mwaka huohuo wa 1986 Bunge likapitisha sheria ya kuwapa uraia wale 94,000. Sheria nyingine ikafuata 1988 kwa waliosalia. Wale ambao mwaka 1948 waliondolewa kwenye daftari la wapiga kura ili wasipime kitu, wakarudi kwenye mizani kwa malaki, na kila chama kikubwa kikaanza kupanda mlima kuwatembelea.

Hesabu ya uchaguzi wa mwaka 1994 ilionyesha jiwe hilo limekuwa la thamani gani. Bunge lilikuwa la viti 225. Muungano wa Chandrika Kumaratunga ulipata 105. Washirika wake Waislamu walikuwa na saba. Jumla 112, pungufu ya wingi wa Bunge kwa mmoja. Huyo mmoja alitoka Nuwara Eliya: P. Chandrasekaran, mgombea binafsi, Mtamili wa chai, mpinzani wa Thondaman. Mzee mwenyewe alikuwa upande ulioshindwa, kwenye orodha ya UNP, jogoo aliyepanda mgongo wa tembo, maana tembo ndiye alama ya chama hicho. Haukupita muda mrefu akashuka mgongoni, akavuka upande wa pili wa Bunge, na akawa waziri wa ufugaji na miundombinu ya mashamba katika serikali mpya. Wakosoaji walicheka: huyu hata kinyonga anamwonea wivu. Huenda. Lakini kinyonga hubadilika ili asionekane, na Thondaman kila alipovuka alihakikisha ameonekana na wote, akiwa na orodha ya shule, barabara na nyumba mkononi.

Ufundi huo aliurithisha nyumbani, na hilo ndilo doa ambalo siwezi kulifuta: chama cha wafanyakazi kikapita kwa mjukuu wake Arumugam, na baada ya kifo cha Arumugam mwaka 2020, mtoto wake Jeevan akaingia bungeni kutoka mlima uleule. Ujira wa mchumaji, kwa upande mwingine, umebaki wa kugombaniwa.

Alifariki tarehe 30 Oktoba 1999, akiwa na miaka 86, bado waziri. Ilikuwa imetimia miaka 35 kamili, siku kwa siku, tangu New Delhi. Na waziri mkuu wa serikali aliyokuwamo, mama wa Rais Kumaratunga, mzee na mgonjwa lakini bado kitini, alikuwa Sirimavo Bandaranaike.